Maji Mawili ya Mweya

Ukisimama kwenye ncha ya rasi ya Mweya, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Malkia Elizabeth nchini Uganda, maji mawili yanakutana chini yako. Upande mmoja unaingia Mfereji wa Kazinga, ukileta maji ya Ziwa George. Upande wa pili limetanda Ziwa Edward. Jicho haliwezi kuyatenganisha. Viboko ni walewale, ndege ni walewale, na mwenye kiu angeinama popote. Kipimo ndicho kinachoyatofautisha. Maji hupitisha umeme kwa kadiri ya chumvi iliyoyeyuka ndani yake, na watafiti walioyapima maziwa haya tangu miaka ya 1960 walikuta kwamba maji ya George yanapitisha takribani milisimensi 0.2 kwa sentimita, ilhali ya Edward yanakaribia 0.9. Hiyo ni zaidi ya mara nne. George hulishwa na mito ya Rwenzori, inayoteremka juu ya miamba ya kale isiyoachia chumvi kwa urahisi. Edward hupokea pia mto Rutshuru kutoka Kongo, ambao umekwisha kuchota madini ya ardhi ya volkeno za Virunga. Na si mbali na hapo, katika ziwa la Katwe lililo ndani ya kreta, chumvi imezidi kiasi kwamba watu wanaivuna kwa mikono na kuiuza.

Mtalii anaweza kuyapita hayo yote bila kujali. Mtu aliyeotesha nyanya kwenye ndoo barazani hawezi, wala mwenye trei za saladi zinazoelea juu ya maji katika chumba cha nyuma, wala mwenye kitalu cha miche ya kahawa chini ya kivuli kwenye miteremko ya Kyarumba. Watu wa namna hii si wachache katika wilaya ya Kasese. Mjini viwanja ni vidogo. Bwera na Mpondwe, ambako soko la mpakani limemeza kila kipande cha ardhi, mboga inapata nafasi kwenye beseni tu. Vijiji vya wavuvi vilivyobaki ndani ya hifadhi navyo haviruhusiwi kulima mashamba, na hata vingeruhusiwa, tembo na kiboko wasingesubiri mavuno. Kwa hiyo mmea unaingia ndani, chini ya bati. Ninachotaka kukieleza ni kwamba mmea ulioingia ndani umebadilisha bwana: ukiwa shambani hutunzwa na ardhi, ukiwa ndani hutunzwa na vipimo, na kipimo cha kwanza, katika nchi yenye maji ya aina nyingi kama hii, ni cha maji yenyewe. Wengi huanza na mbolea. Hapo ndipo wanapopotea.

Kuna wanaocheka wakisikia habari za kupima. Bibi zetu, wanasema, walilima mboga za nakati na dodo, pamoja na kahawa, miaka yote bila kifaa chochote, na walishiba. Ni kweli, na sababu yake inafaa kutazamwa vizuri, maana ndiyo inayothibitisha hoja yangu. Udongo wa shamba ni kama ghala kubwa. Mvua ikizidi, maji hushuka chini. Jua likizidi, mizizi hufuata unyevu ulio kina cha mita moja au zaidi. Chumvi ikiongezeka, mvua ya masika huiosha. Chembe za mfinyanzi na mboji hushika virutubisho na kuvitoa kidogo kidogo, tena huzuia uchachu usipande wala kushuka ghafla. Kosa la mkulima humezwa na ukubwa wa ardhi. Lakini chungu cha lita tano hakina kina cha kukimbilia, na kile unachokitia leo ndicho mzizi utakacholalia kesho. Trei ya maji matupu ni mbaya zaidi: haina hata chembe ya mfinyanzi ya kusamehe. Bibi, kwa hiyo, hakuhitaji kipimo kwa sababu ardhi ilikuwa ikimpimia. Na hata yeye hakulima kwa kubahatisha. Alifinya udongo kiganjani, akaangalia kama unashikana au unamwagika, akaamua. Hicho nacho ni kipimo, na baadaye nitarudi kwake.

Tuanze na maji. Kifaa cha kupima chumvi ni kijiti kidogo chenye betri na ncha mbili za chuma. Unakichovya, unasoma namba. Mboga za majani kama saladi hustawi katika maji ya mbolea yenye milisimensi kati ya 0.8 na 1.2 hivi, nyanya iliyokwisha kuzaa huvumilia 2 hadi 4, mche mchanga hutaka chini ya hapo. Sasa fanya hesabu. Mtu anayechota maji ya Ziwa Edward kwa ajili ya saladi ana 0.9 kabla hajagusa mbolea. Akitaka asivuke 1.2, nafasi ya chakula iliyobaki ni 0.3 tu, kiti kimekwisha kukaliwa na chumvi ambayo mmea haukuiomba, nyingi yake sodiamu na bikaboneti. Jirani yake anayetumia maji ya mto wa mlimani anaweka mbolea ileile, kwa kijiko kilekile, na mboga inang'aa. Mmoja atasema mbolea ni bandia, mwingine ataisifia, na wote wawili watakuwa wamekosea, kwa kuwa tofauti ilikuwa ndani ya dumu.

Baada ya kujua unaanzia wapi, namba hiyohiyo hugeuka kuwa lugha. Katika mfumo wa maji yanayozunguka, chumvi ikipanda siku hadi siku huku maji yakipungua, mmea unakunywa kuliko unavyokula: joto limezidi au umeuchanganyia mbolea kali mno, na dawa yake ni maji matupu. Chumvi ikishuka, mmea una njaa, ongeza. Ikitulia, umepatia. Kwenye chungu cha udongo habari huandikwa kwa namna nyingine: ukoko mweupe juu ya udongo na pembeni mwa chungu, ncha za majani zilizoungua. Maji yanayotoka kwenye tundu la chini yakikingwa na kupimwa, mara nyingi yana chumvi mara mbili au tatu ya yale yaliyotiwa juu, maana jua huchukua maji na kuiacha chumvi. Onyo moja hapa. Baadhi ya vifaa havionyeshi milisimensi bali sehemu kwa milioni, na watengenezaji hawakubaliani namna ya kugeuza: wengine huzidisha milisimensi kwa 500, wengine kwa 700. Maji ya milisimensi 1.4 yatasomeka 700 kwenye kifaa kimoja na 980 kwenye kingine. Watu wawili wakipeana ushauri bila kujua hilo, mmoja ataua miche yake kwa nia njema kabisa.

Uchachu nitaupitia kwa ufupi. Kipimo cha pH huanzia 0 hadi 14; mizizi iliyo majini hupenda 5.5 hadi 6.5, kwa kuwa nje ya hapo chuma, manganizi na fosforasi hujifungia na mmea hufa njaa mbele ya sahani iliyojaa. Maji ya Ziwa Edward yako karibu na 9. Mtu hutia matone ya tindikali, namba inashuka, anafurahi. Kesho asubuhi imepanda tena. Si kwamba kifaa kimeharibika. Bikaboneti nyingi iliyomo kwenye maji ya namna hiyo inaimeza tindikali, na mpaka iishe, namba itaendelea kurudi. Ndiyo maana kipimo cha siku moja hakitoshi: ukweli wa maji haya unaonekana kesho yake.

Mwanga ndio unaowadanganya watu kuliko kitu chochote, kwa sababu jicho la binadamu hujirekebisha. Ukitoka nje saa sita mchana, mwanga wa jua unakaribia lukisi 100,000. Ukiingia sebuleni unaona bado kweupe, kumbe nyuma ya kochi pana lukisi 200. Saladi inahitaji kama 15,000 kwa saa 12 za mchana. Simu nyingi za kisasa zina kihisio kinachoweza kusoma lukisi kwa makadirio, na makadirio yanatosha, kwa kuwa tofauti unayoitafuta ni ya mara kumi, si ya asilimia kumi. Kasese iko juu ya mstari wa ikweta, na hapa ushauri wa vitabu vya Ulaya unageuka kuwa hasara. Huko wanasema mmea uwekwe kwenye dirisha la kusini. Kwetu jua la mchana liko utosini au karibu na hapo. Haliingii dirishani, linapiga paa. Kwenye nyumba yenye baraza pana, dirisha linalotazama kusini au kaskazini hupata mwanga wa pembeni tu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Madirisha yanayofaa ni ya mashariki na ya magharibi, na kinachofaa kuliko yote ni bati moja la plastiki angavu kati ya mabati ya kawaida. Faraja yetu ni kwamba mchana hauna msimu: saa 12 na dakika chache, Januari hata Desemba. Ukipima mara moja asubuhi, adhuhuri na alasiri, umekwisha kuujua mwanga wa mahali hapo kwa miezi kadhaa, ila mawingu.

Lakini paa lilelile huleta joto. Uwanda wa Kasese uko kama mita 900 na kitu juu ya usawa wa bahari, mkavu kuliko milima iliyo mbele yake, na chumba chenye bati hupata joto kwa haraka kuliko hewa ya nje. Wengi hupima joto la hewa, wakasahau joto la maji ambako mizizi inaishi. Lita moja ya maji ya nyuzi 20 hushika miligramu 9 hivi za oksijeni. Kwenye nyuzi 30 hushuka hadi 7.5, na hizo ni hesabu za usawa wa bahari. Kwa urefu wa Kasese, toa kama sehemu moja ya kumi. Mizizi nayo, kadiri joto linavyopanda, ndivyo inavyohitaji oksijeni zaidi, na vimelea vya kuozesha mizizi ndivyo vinavyochangamka. Mwenye mtambo anaona majani yamelegea mchana ilhali maji yapo tele, anaongeza maji. Angekuwa na kipimajoto cha bei ndogo ndani ya tangi angejua kwamba mmea hauna kiu, unakosa pumzi. Tangi jeupe badala ya jeusi, au lililozikwa nusu ardhini, hufanya kazi kuliko mbolea yoyote.

Sasa unyevu wa udongo, ambao naamini unaua miche mingi kuliko magonjwa, na unaua kwa kuzidi, si kwa kupungua. Vijiti vya bei rahisi vinavyouzwa kwa kazi hii vina mshale unaoelekea "kavu" au "majimaji". Kwa kweli vingi vinasoma umeme unaopita kati ya vyuma, kwa hiyo chumvi huvidanganya: udongo uliojaa mbolea au uliomwagiliwa maji ya ziwa utaonekana majimaji hata ukiwa unakauka. Katika wilaya yenye Katwe, mimi nisingevitegemea. Mizani ya jikoni ni bora. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na chungu kikipungua gramu 400 tangu jana, mililita 400 zimeondoka. Hakuna kifaa cha kupinga hilo. Na asiye na mizani anyanyue chungu mara baada ya kumwagilia, akinyanyue tena baada ya siku mbili; mkono hujifunza upesi. Bibi yuleyule wa kufinya udongo alikuwa na akili hiyo, tena yeye alipima udongo wenyewe, si umeme wake.

Ushahidi mzuri kuliko wote ninaoujua juu ya thamani ya kupima unyevu hautoki kwenye nyumba ya mtu bali mashambani Iringa, Tanzania. Kuanzia mwaka 2013, mradi uliofadhiliwa na Australia ulipeleka kwenye skimu za umwagiliaji za Kiwere na Magozi, na nyingine za Msumbiji na Zimbabwe, kifaa kilichobuniwa na Richard Stirzaker wa shirika la utafiti CSIRO. Kifaa kinaitwa kwa jina la kinyonga, kwa kuwa hubadili rangi: buluu udongo ukilowa, kijani ukiwa na unyevu wa kutosha, nyekundu ukikauka. Hakina namba za kusoma. Wakulima walifukia vihisio kwenye vina tofauti, wakatazama rangi wiki baada ya wiki, na wengi waligundua kwamba walikuwa wakimwagilia mno. Maji ya ziada yalikuwa yakiisukuma mbolea chini ya mizizi. Walipunguza safari za kumwagilia, na mavuno yakaongezeka badala ya kupungua. Mtu anaweza kudai kwamba shamba si chungu cha barazani. Sawa, lakini kama wakulima wenye uzoefu wa miaka mingi, kwenye udongo unaosamehe, walikuwa wakizidisha maji bila kujua, mwenye chungu kisichosamehe ana sababu gani ya kuamini jicho lake?

Wapo wanaosema basi kazi hii iachiwe mashine: vihisio, pampu na programu ya simu itakayoamua yenyewe. Siwapingi wenye uwezo. Nawakumbusha tu kwamba vihisio huchakaa, hasa kile cha pH, ambacho kioo chake hukauka kisipohifadhiwa kwenye maji yake maalumu, na mashine inayotii kihisio kilichopotoka itatia tindikali usiku kucha kwa utii mkamilifu. Kijiti cha chumvi kinavumilia zaidi na ni rahisi kukihakiki: gramu moja ya chumvi safi ya mezani kwenye lita moja ya maji ya mvua isomeke karibu milisimensi 2. Tumia ya dukani; ya Katwe huja na magadi. Kwa pH, karatasi za rangi zitamfaa mtu wa kawaida kuliko kifaa cha elektroniki cha bei ya chini. Wapo pia wanaoamini kwamba kilimo bila udongo kina miujiza ndani yake. Dennis Hoagland na Daniel Arnon wa Chuo Kikuu cha California walilijibu hilo mwaka 1938, miaka michache tu baada ya mwenzao William Gericke kuutangazia ulimwengu nyanya zake ndefu za majini: mmea ulio kwenye maji hauzidi mmea ulio kwenye udongo mzuri wenye mwanga uleule. Kinacholeta tofauti ni utunzaji, na wao waliutunza mmea wao kwa vipimo.

Hata hivyo, kipimo kina mipaka yake, na Kasese ina somo chungu la mipaka hiyo. Shaba ilichimbwa Kilembe kuanzia 1956 hadi kazi ilipokoma mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mabaki yake yaliachwa kwenye bonde la mto Nyamwamba. Mafuriko ya Mei 2013 na ya Mei 2020 yalibomoa kingo na kubeba mabaki hayo kuelekea uwandani. Watafiti wamepima udongo na mazao ya bonde hilo na kukuta metali nzito. Kijiti cha chumvi hakitakuambia hayo. Kinahesabu chumvi zote kwa pamoja bila kuuliza jina. Shaba kidogo inayotosha kuumiza mizizi haisogezi namba hata kidogo. Anayejaza vyungu vyake udongo wa kingo za Nyamwamba, au anayechota maji yake, anahitaji maabara, na maabara za taifa za utafiti wa kilimo ziko Kawanda, karibu na Kampala. Ni mbali na kunagharimu. Kuchukua udongo wa mahali pengine ni nafuu zaidi.

Kwa hiyo vitu vya lazima ni vichache: kijiti cha chumvi, kipimajoto, mizani, karatasi za pH, na simu ambayo tayari iko mfukoni. Na daftari. Bila daftari namba ya leo haina jirani wa kulinganishwa naye, na ulinganisho ndio wenye faida: milisimensi 1.6 si habari, lakini 1.2 juzi, 1.4 jana na 1.6 leo ni habari inayotaka hatua kabla ya jioni. Andika saa, maana joto la saa mbili asubuhi na la saa tisa alasiri ni vitu viwili. Andika pia maji yalitoka wapi, kwa kuwa mwenye dumu anayekuletea leo kutoka mtoni kesho anaweza kuchota ziwani.

Maji ya mvua ndiyo yaliyo karibu na sifuri kuliko yote, na ukiyachanganya nusu kwa nusu na ya Ziwa Edward, 0.9 inashuka hadi 0.45 hivi, kiasi ambacho mboga nyingi zinakivumilia. Uwanda huu haupati mvua nyingi, lakini unapata misimu miwili. Septemba, matone yakianza kugonga bati, acha dakika za mwanzo zioshe vumbi la paa, kisha utege dumu la miche kabla ya kutega la kufulia.